Panga ya Saidi: Pango la Msituni na Chanzo cha Historia Yetu

Historia ya pwani ya Afrika ya Mashariki, kama ifundishwavyo katika shule zetu nyingi, huanzia baharini. Mwanafunzi hufunguliwa kitabu, na mara huonyeshwa chombo kikija: kwanza cha mfanyabiashara wa Kiyunani aliyeandika habari za bandari zetu katika karne ya kwanza, kisha vya Waarabu na Waajemi, kisha cha Vasco da Gama aliyefika Malindi mwaka 1498. Kila jambo laja na pepo za msimu, na mwenyeji wa nchi huonekana amesimama ufukoni, mikono mitupu, akingoja kufikiwa. Hatusemi kuwa habari hizo ni za uongo. Bahari ilileta mengi, na lugha hii tunayoiandikia inalijua deni lake. Walakini asimamaye ufukoni akaitazama bahari huwa ameipa nchi kisogo. Na nyuma ya kisogo hicho, mwendo wa kilomita 15 tu kutoka majini, limo pango ambamo watu walikaa, wakala, wakajipamba na kuzikana maelfu kwa maelfu ya miaka kabla jahazi la kwanza halijaundwa.

Pango hilo laitwa Panga ya Saidi, nalo limo katika vilima vya chokaa vya Dzitsoni, Kaunti ya Kilifi, nchini Kenya. Msomaji asidhani kuwa neno panga hapa ni kile chombo cha kufyekea. Kwa Wamijikenda neno hilo lina maana ya pango. Katika makala haya twakusudia kueleza njia ya kulifikia, msitu unaolizunguka, namna lilivyoumbika, na yale yaliyofukuliwa ndani yake, hasa maiti ya mtoto mmoja mdogo ambaye habari zake zilitangazwa ulimwenguni mwaka 2021. Tutamtaja mtoto huyo kwa kirefu, kwa kuwa yeye ndiye aliyetufanya tushike kalamu.

Aendaye huko hutoka kwenye barabara kuu ya Mombasa na Malindi, akaiacha minazi na mikorosho ya tambarare, akaanza kupanda. Kupanda kwenyewe si kwa kutisha. Vilima vile havifiki hata mita 200 juu ya usawa wa bahari mahali pango lilipo. Lakini hewa hubadilika. Upepo wa bahari wenye chumvi hupungua, jua huchoma zaidi, na udongo unaoonekana kandokando ya njia, kati ya mashamba ya mahindi na mihogo, una mawe ya kijivu yaliyotoboka kama sega la nyuki. Hayo ndiyo mawe ya chokaa, na mwalimu wa jiografia aweza kusimamisha wanafunzi wake hapo hapo akawaambia kwamba wanakanyaga sakafu ya bahari. Ndivyo ilivyo. Zaidi ya miaka milioni 150 iliyopita, wakati mijusi wakubwa waliokwisha kutoweka wangali wakitawala nchi kavu, mahali hapa palikuwa chini ya maji ya bahari yenye kina kifupi, na maganda ya viumbe wa majini yalirundikana tabaka juu ya tabaka hata yakawa mwamba. Baadaye nchi iliinuka na bahari ikarudi nyuma. Kwa hiyo hata huku bara, bahari imo chini ya miguu. Ila ni bahari nyingine, isiyo na jahazi.

Baada ya mashamba waja msitu. Mtu aliyezoea misitu ya milimani, yenye ukungu na miti mirefu isiyo na mwisho, huenda akaudharau msitu wa pwani kwa mtazamo wa kwanza, maana ni mdogo, umekatikakatika, na wakati wa kiangazi majani yake mengi hupukutika. Lakini akiisha kuingia ndani hatua kumi, atafuta dharau yake. Mbambakofi na mvule huinuka juu ya vichaka. Mibuyu husimama kama wazee walioketi barazani. Kamba za mitambaazi zimesokotana hata huwezi kujua mmea huu umeanzia wapi na ule umeishia wapi. Mizizi ya mitamba imeushika mwamba na kuuteremkia kwa kupitia nyufa zake, ikitafuta maji yaliyo chini. Kelele za mashambani hukatika ghafula, kama mlango uliofungwa. Husikika ndege, na majani makavu yanayokanyagwa na paa mdogo asiyeonekana.

Hapa hatuna budi kusimama kidogo, kwani msitu huu na mingine ya jirani haukusalia kwa bahati. Katika nchi ambayo kila mti ni kuni, ni makaa, ni boriti na ni fedha, msitu hauishi karne kadhaa pasipo mlinzi. Walinzi wa misitu hii ni kaya. Wamijikenda, yaani Wagiriama, Wachonyi, Wajibana, Wakambe, Wakauma, Waribe, Warabai, Waduruma na Wadigo, wanasimulia kuwa wazee wao walitoka Shungwaya, upande wa kaskazini, wakashuka na kujenga miji yao ndani ya misitu ya vilimani, ambayo iliwaficha na adui. Kila mji kama huo uliitwa kaya. Ulikuwa na njia zake za kuingilia, malango yake, na fingo lake, yaani kago lililozikwa ardhini ili kuulinda mji. Zaidi ya uzio wa miti yenyewe haukuhitajiwa ukuta mwingine. Mila ilikataza kukata mti ovyo ndani ya kaya, kuacha njia, kuchunga mifugo, au kutoa chochote kilichomo. Na ingawa wengi walianza kutoka humo na kufungua mashamba nje, hata kufikia miaka ya 1940 kaya nyingi hazikuwa na wakazi tena, makatazo hayo hayakutoka pamoja nao. Yalibaki, na msitu ukabaki. Mwaka 2008 shirika la UNESCO liliiingiza misitu ya kaya kadhaa, iliyotapakaa katika eneo la urefu wa kilomita 200 hivi, katika orodha ya urithi wa dunia.

Wako wataalamu waliotilia shaka habari ya Shungwaya. Thomas Spear aliikusanya simulizi hiyo na kuitetea katika kitabu chake juu ya kaya kilichotoka mwaka 1978. Henry Mutoro, Mkenya aliyechimba katika kaya katika miaka ya 1980, pamoja na wachimbaji waliomfuata, walionyesha kuwa vilima hivi vilikuwa na wakulima na wafua chuma tangu zamani zaidi ya tarehe zinazotajwa na wasimulizi. Kwa maoni yetu hakuna ugomvi mkubwa hapa. Kabila la watu si jiwe moja. Wengine hufika, wengine huwakuta wenyeji, kisha wote husimulia hadithi moja kwa sababu wamekubali kuwa kitu kimoja. Hata jina lenyewe la Mijikenda lilianza kutumika kwa wingi katika miaka ya 1940 tu. Pango litatuonyesha kuwa kabla ya hao wafua chuma kulikuwa na wengine, na kabla ya hao wengine wengine tena.

Wala kaya haikuwa mahali pa ibada peke yake. Mwaka 1913 Mekatilili wa Menza aliwakusanya Wagiriama na kuwaapisha huko Kaya Fungo wasiwape Waingereza kodi wala vijana wa kwenda kufanya kazi. Alikamatwa, akapelekwa mbali hata Kisii, akatoroka. Serikali ya kikoloni, ilipotambua nguvu ilikotoka, iliilipua Kaya Fungo kwa baruti mwaka 1914. Twaitaja habari hii ili mwanafunzi aelewe kuwa mtu anayeingia katika misitu hii haingii porini. Anaingia mahali ambapo watu walipigania amri juu ya maisha yao.

Desturi ya kuingia ni kuomba ruhusa kwanza kwa wazee wenye mahali, na kufuata njia wanayoionyesha. Tulipofuatana na walimu wenzetu, mzee aliyetuongoza hakutuhutubia juu ya mila. Alitutazama miguu, akauliza kama kuna mwenye ugonjwa wa pumu, akaokota gogo dogo lililokuwa njiani na kuliweka kando pasipo kulitupa. Tulipofika mdomoni mwa pango alipiga hodi mara tatu, kwa sauti ile ile mtu anayoitumia mlangoni kwa jirani, kisha akangoja. Kijana mmoja alimwuliza, “Babu, nani atatuitika?” Mzee akajibu, “Wewe ngoja tu, mwanangu. Kungoja ndiko kubisha hodi kwenyewe.”

Pango lenyewe si tundu moja refu lenye giza, kama wengi wanavyolifikiri pango. Ni vyumba vilivyofuatana, na katika baadhi yake dari limekwisha kuporomoka zamani, hivi kwamba mwanga wa jua huingia kutoka juu ukiwa umechujwa na majani ya miti, na mizizi mirefu huning'inia mpaka chini. Ni mahali ambapo mtu hupata kivuli wakati wa joto, ukavu wakati wa masika, na ukuta wa mgongoni wakati wote. Aliyewahi kutafuta nyumba ya kupanga mjini atafahamu mara moja kwa nini watu walilipenda.

Namna lilivyoumbika yafaa ielezwe, maana sababu hiyo hiyo ndiyo iliyohifadhi yaliyomo. Maji ya mvua yakipita hewani na katika udongo wenye majani yaliyooza huchukua hewa ya ukaa na kuwa na ukali kidogo, ukali usioweza kumdhuru mtu lakini wenye kuyeyusha chokaa. Tone kwa tone, ufa huwa mfereji, mfereji huwa chumba. Hiyo ndiyo kazi iliyofanyika pia katika mapango ya Amboni karibu na mji wa Tanga, ambayo wasomaji wetu wa Tanzania wanayafahamu, nayo yamo katika chokaa ya zama hizo hizo. Na chokaa hiyo hiyo, inapochanganyika na udongo wa sakafuni, huuondolea udongo ukali wake, na kwa hiyo mifupa haiozi upesi. Katika sehemu nyingi za nchi zetu za joto udongo huila mifupa ikatoweka kabisa. Ndiyo sababu mapango ya chokaa yamekuwa kama maktaba, ilhali nje yake kurasa zote zimeliwa na mchwa.

Kuanzia mwaka 2010 wachimbaji wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya, pamoja na wenzao wa kutoka ng'ambo, walianza kuzifungua kurasa hizo. Miongoni mwao walikuwamo Emmanuel Ndiema wa Makumbusho, na Nicole Boivin na Michael Petraglia wa taasisi ya Max Planck ya Ujerumani. Walichimba shimo la mraba, taratibu, tabaka baada ya tabaka, hata wakapita kina cha mita tatu. Na mwaka 2018 walitangaza kuwa tabaka hizo, 19 kwa hesabu, zinafikia miaka 78,000. Msomaji aulize: walijuaje? Ni swali la haki, na mwalimu asilipuuze. Kwa vitu visivyozidi miaka 50,000 hivi hutumiwa kipimo cha kaboni: kila kilicho hai hubeba kaboni ya namna fulani ambayo, baada ya kifo, hupungua kwa kadiri inayojulikana, nusu yake ikitoweka kila miaka 5,730. Kupita hapo hubaki kidogo mno hata hakipimiki. Basi hutumiwa punje za mchanga. Punje iliyofukiwa gizani hujikusanyia nguvu kidogo kidogo kutokana na miali inayotoka katika mawe yaliyo jirani nayo. Ikipigwa na mwanga huitoa nguvu hiyo yote na kuanza upya. Wataalamu huichukua gizani, huipiga mwanga katika maabara, na kupima kilichotoka. Hapo hujua ni muda gani umepita tangu punje ile ilipoliona jua kwa mara ya mwisho. Sisi tulio watunzi wa mashairi tumezoea kusema kuwa mchanga hauna kumbukumbu. Itatubidi tutafute mfano mwingine.

Jambo la kwanza lililowashangaza wachimbaji ni kuwa pango halikuhamwa kwa muda mrefu mno. Watu walitoka na kurudi, lakini hapakuwa na kipindi kikubwa ambacho mahali pale palikuwa patupu kwa sababu ya ukame. Nchi nyingi za bara la Afrika zilikauka na kurutubika mara nyingi katika muda huo. Vilima hivi, kwa ajili ya mvua za pwani, vilibaki na msitu na mbuga vikiwa pamoja, msitu ukisogea na kurudi. Mwindaji aliyekaa pale aliweza kuwinda wanyama wa vichakani asubuhi na wa mbugani jioni. Hapo zamani ilidhaniwa kuwa binadamu wa kale alipenda mbuga wazi na pwani, na kwamba msitu wa joto ulikuwa kizuizi kwake. Pango hili limesaidia kuiangusha dhana hiyo.

Jambo la pili ni vyombo. Tangu kiasi cha miaka 67,000 iliyopita, vyombo vya mawe vilianza kuwa vidogo, vyembamba, vilivyochongwa kwa uangalifu kutoka katika mawe ya namna mbalimbali. Lakini ile namna ya zamani haikutupwa siku moja. Zilitumika zote, ya kale na mpya, zikipokezana. Yafaa jambo hili likumbukwe na wale wanaotufundisha kuwa maendeleo ni kubomoa nyumba ya baba kabla ya kujenga yako.

Kisha shanga. Katika tabaka za kale zimeonekana shanga za kombe za baharini, na katika tabaka zilizofuata, kuelekea miaka 25,000 iliyopita, shanga nyingi za maganda ya mayai ya mbuni, pamoja na mifupa iliyochorwa kwa mistari na vipande vya ngeu nyekundu. Tafakari, msomaji: watu hawa hawakuwa wavuvi. Mabaki ya chakula chao hayaonyeshi kuwa walitegemea samaki wala chaza, ingawa bahari haikuwa mbali sana. Walikwenda pwani, au walipata kwa watu wa pwani, si kwa ajili ya tumbo bali kwa ajili ya shingo. Kabla ya biashara ya pembe na dhahabu tunayoisoma vitabuni, kombe ilikuwa imekwisha kupanda kilima kwa ajili ya urembo peke yake.

Sasa tumfikie mtoto.

Mwaka 2013 wachimbaji waliona vipande vya mfupa katika ukuta wa shimo, vilivyolainika hata vikimomonyoka kwa kuguswa. Hawakuvitoa. Mwaka 2017, walipopanua uchimbaji na kufika mita tatu chini ya sakafu ya sasa, waligundua kishimo cha mviringo kilichochimbwa makusudi katika sakafu ya kale, kimejaa udongo wa rangi tofauti kidogo na ule wa kando yake, na ndani yake mifupa iliyokwisha kuwa kama unga ulioshikamana. Kuinua mfupa mmoja mmoja kungaliharibu kila kitu. Basi waliuzunguka udongo wote kwa plasta, kama mganga afungavyo mguu uliovunjika, wakaunyanyua kama ulivyo na kuupeleka Makumbusho mjini Nairobi. Huko yalionekana meno mawili, na ikafahamika kuwa bonge lile lilikuwa na mtu. Kisha likapelekwa Burgos, nchini Hispania, katika kituo cha utafiti wa mageuzi ya binadamu kilichokuwa kikiongozwa wakati huo na María Martinón-Torres, ambako lilifanyiwa kazi kwa vyombo vya kupigia picha ndani ya udongo na kwa brashi ndogo ndogo.

Matokeo yalichapishwa katika jarida la Nature mwezi Mei 2021. Aliyekuwamo alikuwa mtoto wa umri wa miaka miwili na nusu hadi mitatu. Alizikwa miaka 78,000 hivi iliyopita. Alilazwa kwa ubavu wa kulia, magoti yamekunjwa kuelekea kifuani, kama watoto walalavyo. Jinsi mtulinga na mbavu zake zilivyokaa baada ya nyama kuoza ilionyesha kuwa sehemu ya juu ya mwili ilikuwa imezungushiwa kitu cha kubana, labda majani, labda ngozi, ambacho kimekwisha kuoza chote. Na kichwa kilikuwa kimeinama kwa namna ambayo hutokea wakati kitu kilichokuwa chini yake kinapooza na kuacha nafasi. Yaani, kwa dalili zote, aliwekewa mto.

Hilo ndilo kaburi la kale kuliko yote ya binadamu wa namna yetu yaliyokwisha kupatikana katika bara la Afrika. Yako ya kale zaidi huko Mashariki ya Kati. Na Afrika yenyewe ina makaburi mengine mawili ya watoto yanayokaribia umri huo, moja la Border Cave, Afrika ya Kusini, la miaka 74,000 hivi, na jingine la Taramsa, nchini Misri, la miaka 68,000 hivi. Wataalamu wamejiuliza kwa nini makaburi haya yote ni ya watoto. Huenda ni kwa sababu watu wazima walifanyiwa jambo jingine, wakapelekwa mbali na makao, ilhali mtoto hakutolewa nyumbani. Hatuwezi kuhakikisha. Lakini mzazi yeyote aliyepata msiba wa namna hiyo hatalicheka wazo hilo.

Hapa twaomba tahadhari kwa walimu. Ni rahisi kwa mwandishi, na hasa kwa mshairi, kuijaza nafasi iliyoachwa na mto ule kwa maneno ya kuliza. Hatujui mama yake alisema nini, wala kwa lugha gani. Hatujui kama waliamini kuwa mtoto anakwenda mahali. Hatuna haki ya kudai kuwa yeye ni Mgiriama, au Mchonyi, wala kuwa yeye ni Mkenya. Majina haya yote ni ya jana asubuhi. Tunachokijua ni kazi ya mikono: mtu alichimba, mtu alifunika, mtu aliweka kitu laini chini ya kichwa, kisha udongo uliochotwa katika sakafu ya pango ukarudishwa juu yake. Aliyefanya hivyo hakuwa akiondoa uchafu. Na tukimsomesha mwanafunzi hayo manne tu, bila kuyaongezea chumvi, atakuwa amejifunza zaidi kuliko kwa hotuba.

Wachimbaji walimpa jina la Mtoto. Twalipenda jina hilo kwa sababu halikuazimwa. Mifupa mingi mashuhuri iliyofukuliwa katika bara letu imetembea ulimwenguni kwa majina ya nyimbo za watu wengine na kwa herufi za madaftari ya makumbusho. Huyu anatajwa London na Burgos kwa neno la Kiswahili ambalo kila mama wa pwani hulitamka mara mia kwa siku.

Jambo moja hatulipendi, nalo lazima lisemwe. Kazi ya mwisho ya kumtoa Mtoto katika bonge la udongo ilibidi ifanyike ng'ambo, kwa sababu vyombo na mafundi wa kazi hiyo walikuwa huko. Kibali kilitolewa kwa halali, na mafundi wale walistahili sifa, hatuwalaumu. Hata hivyo watu wa pwani wana sababu ya kuogopa safari za namna hiyo. Wanakumbuka vigango, ile miti ya ukumbusho ambayo Wagiriama huichongea wazee wao waliofariki, ambayo iling'olewa usiku na wezi na kuuzwa kwa watalii, na mingine ikaonekana katika nyumba za makumbusho za Marekani, ambako kuirudisha kulichukua miaka mingi ya madai. Kigango hakikuchongwa kiwe pambo la sebule. Ni mahali pa koma, roho ya mzee. Dawa ya hofu hiyo ni vijana wetu wafundishwe kazi ya brashi na ya maabara, ili bonge lijalo lifunguliwe Nairobi au Dar es Salaam. Sheria ya Kenya ya mwaka 2006 juu ya makumbusho na urithi yatoa ulinzi kwa vitu vya kale. Lakini sheria haiwezi kushika brashi.

Wala Kenya haiko peke yake. Huko Jambiani, Unguja, lipo pango la Kuumbi, ambamo Felix Chami wa Tanzania alichimba mwaka 2005 na wengine wakaendelea baada yake. Ndani yake imeonekana mifupa ya punda milia na nyati. Mtu atauliza, nyati alivukaje? Hakuvuka. Watu walikuwa wakilitumia pango lile tangu kiasi cha miaka 20,000 iliyopita, wakati maji mengi ya dunia yalipokuwa yameganda kuwa barafu na bahari ilikuwa chini sana. Unguja ilikuwa sehemu ya bara, na mnyama alikwenda kwa miguu. Bahari ilipopanda, yapata miaka 11,000 iliyopita, kisiwa kilikatika, na wanyama wakubwa wakaja kutoweka mmoja mmoja. Kwa hiyo hata pwani, ambayo twaidhani ndiyo mwanzo wa kila jambo, yenyewe ina umri, na pango limeuandika.

Adui wa mapango haya si wezi tu. Chokaa ni mali. Viwanda vya saruji na tanuri za chokaa hutafuta mwamba ule ule ambao maji yalitumia muda mrefu kuuchonga, na lori moja la kokoto laweza kubeba kwa dakika kumi tabaka zote 19. Tangu miaka ya 1990 kaya nyingi zimetangazwa kuwa kumbukumbu za taifa, na hilo ni jema. Lakini vilima vilivyo kati ya kaya na kaya vina mapango mengine ambayo hakuna aliyepata kuyachungulia, na ambayo hayakuandikwa katika gazeti lolote la serikali. Sisi tulio katika utumishi twajua jinsi faili la kibali cha kuchimba mawe linavyokwenda upesi, na jinsi faili la kuhifadhi linavyokaa mezani. Wazee wa kaya hawana faili. Wana makatazo, na vijana wanaoyatii wanapungua kila mwaka, kwa kuwa wengine wameambiwa shuleni kuwa hayo ni ushirikina, na wengine wana njaa tu. Hata leo wako wanaopeleka dua zao Panga ya Saidi. Mwenye dini nyingine si lazima ashiriki, lakini akumbuke kuwa pasipo dua hizo huenda kusingalibaki kitu cha kuchimbua.

Mwalimu asiyeweza kuwapeleka wanafunzi wake Kilifi anaweza kufanya hivi. Achukue kamba ya mita 78, ailaze katika uwanja wa mpira, kila mita moja iwe miaka 1,000. Penye ncha ya kwanza asimame mwanafunzi wa leo. Uhuru wa nchi zetu utakuwa sentimita sita tu kutoka kwenye kidole chake cha mguu. Vasco da Gama atakuwa kwenye nusu mita na kidogo, na kaya za kwanza za wasimulizi zitakuwa hapo hapo karibu naye. Mfanyabiashara wa Kiyunani na wafua chuma wa kwanza watakuwa karibu na mita ya pili. Unguja itakatika na bara kwenye mita ya 11. Shanga nyingi za mayai ya mbuni zitaanguka karibu na mita ya 25, na vile vyombo vidogo vya mawe vitaanza mita ya 67. Mwanafunzi atakayewekwa penye ncha ya mwisho, aliko Mtoto, atakuwa ameuvuka mstari wa katikati zamani na kukaribia goli la upande wa pili, na wenzake watakapotaka kumwuliza jambo itawabidi wapige kelele.